Boma la Mbuzi Katikati ya Mto

Nzisa hakuwa mtu wa kuamini kitu upesi. Ukimwambia leo ni Jumanne, atakwenda kumuuliza mtu wa pili. Pale Kwa Mbithi, kijiji kilicho upande wa chini ukitoka soko la Tawa, watu walikuwa wamemzoea. Mwenye duka alimpimia sukari polepole bila kuambiwa, maana alijua macho ya Nzisa yako kwenye mzani. Wenzake wa kanisani walimtania kwamba hata wakati wa maombi hufumba jicho moja tu, lile lingine likibaki kulinda mkoba. Naye hakukana. Alisema Mungu ndiye aliyempa macho mawili, na hakumwambia ayafumbe yote kwa pamoja.

Lakini hakuzaliwa hivyo. Kulikuwa na wakati, mumewe akiwa hai, Nzisa alipokuwa mkarimu wa maneno kuliko wanawake wote wa kijiji. Ndipo akaja mgeni mmoja mwenye viatu safi na futi ya kupimia, akisema anatafuta mahali pa kujenga ukuta mtoni ili maji ya mvua yasipotee. Nani alimtembeza? Nzisa. Alimwonyesha Mto Kanyoni kutoka daraja hadi kwenye jabali. Mto wenyewe ni wa mchanga. Mvua ikinyesha unafurika siku chache, kisha maji hujificha chini, na kiangazi chote akina mama huchimba visima vyao mle mchangani. Nzisa alimwonyesha kila mahali ambapo mchanga ni mwingi na maji yako karibu, mahali ambapo unachimba kwa kibuyu tu na maji yanaanza kujikusanya. Mgeni alimshukuru sana, akamwita mama yake wa pili.

Ukuta haukujengwa. Yalikuja malori kutoka upande wa mji wa Salama, yakapakia mchanga tangu asubuhi hadi jioni, na yaliporidhika yalikuwa yameacha mwamba mtupu sehemu kubwa ya mto. Visima vikakauka. Akina mama wakaanza kwenda mbali na punda, na wale wasio na punda wakaenda na migongo yao. Hakuna aliyemlaumu Nzisa kwa mdomo. Walimlaumu kwa kunyamaza alipokaribia, na hilo liliuma zaidi.

Tangu siku ile aliapa kwamba mtu akija na swali, ataondoka na swali lake. Mambo yalizidi kuwa magumu pale mwanawe Mutisya alipopata kazi ya kuziba pancha huko Salama, kando ya barabara kuu, kwa maana lori la mchanga nalo hupata pancha. Nzisa hakumwambia mtu yeyote kwamba mwanawe huyashika magurudumu ya malori yale. Kijiji kizima kilijua.

Ndivyo mambo yalivyokuwa Halima alipofika.

Halima alikuwa binti kutoka Mwingi, wa familia ya Kiislamu, amejifunga mtandio wake vizuri, na Kikamba chake kilikuwa safi kuliko cha vijana wa Tawa. Badala ya kumtuliza Nzisa, jambo hilo lilimtia wasiwasi zaidi. Mgeni asiyejua lugha yako unamsoma usoni. Huyu angesikia hata yale unayonong'ona. Alisema ametumwa na shirika la mambo ya afya na mazingira, na kwamba hakuja kufundisha, amekuja kujifunza pamoja nao. Nzisa alimgeukia jirani yake wa benchi.

"Yule wa futi pia alisema hivyo," alisema.

Wakakutana nje ya kanisa, upande wenye kivuli. Halima aliwaomba akina mama wachore kijiji chao pale chini, wenyewe, kwa jivu na majani na mawe. Jivu liwe mto na barabara. Majani yawe nyumba. Mawe yawe mahali wanapochota maji ya kunywa. Mwanzoni walisitasita, halafu wakaingia kazini kwa bidii, wakabishana kuhusu shamba la nani limevuka mpaka, wakacheka. Barabara ikatokea, kanisa likatokea, mto ukajikunja vizuri hadi kwenye jabali. Mawe yakabaki kwenye karai, hakuna aliyeyagusa.

"Na maji ya kunywa mnatoa wapi?" Halima aliuliza.

"Kwa kiosk," Nzisa alisema.

"Kiosk," jirani yake Katunge alisema.

"Sisi wote ni kiosk tu," wengine wakaitikia, na jiwe moja kubwa likawekwa mahali pa kioski cha maji karibu na barabara.

Maji ya kioski kile yanatoka kwenye kisima kirefu cha mashine, nayo yana chumvi. Ukipika chai nayo, maziwa yanakatika. Watu wa Kwa Mbithi huyatumia kufulia na kunyweshea ng'ombe, na hata ng'ombe hufikiri kwanza. Lakini siku ile kijiji chote kilikuwa kinayanywa kwa furaha.

Halima hakubisha. Aliuliza swali jingine. "Na mtu akiwa na haja, na choo haiko karibu, anaenda wapi?"

Akina mama walimtazama Pasta Musembi, aliyekuwa ameketi nao. Pasta Musembi alitazama paa la kanisa. Nzisa alikunja uso. Mtu anayetaka kujua unapochota maji na unapokwenda haja, amebakiza nini? Amebakiza kukufukuza tu. Hivyo ndivyo alivyowaza.

Alipofika nyumbani alichukua panga akateremka mtoni. Nzisa alikuwa na kisima chake kwenye kona, chini kidogo ya jabali, kipande cha mchanga ambacho malori hayakufikia kwa sababu ya mawe. Kilikuwa hakikauki. Maji yake yalikuwa baridi na matamu, na kwa maji hayo alikuwa anamlea mjukuu wake Ndila, binti wa Mutisya, ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Mama yake Ndila alikuwa ameolewa kwingine. Mtoto alikuwa wa Nzisa, na kwa mtoto huyo Nzisa hakuwa na mchezo.

Alikata matawi ya miiba akazungushia kisima, akaacha kijilango. Akafunika shimo kwa bati kuukuu, akamwaga mchanga juu yake. Kisha akawaleta mbuzi wake akawafunga mle ndani. Wakati wa jua kali si ajabu kuona mbuzi mtoni, watu wengi huwapeleka kivulini. Apite Halima, apite mtu wa malori, apite nani, ataona boma la mbuzi na harufu ya mbuzi, na atapita haraka. Nzisa alisimama ng'ambo akaitazama kazi yake akacheka peke yake. Aliona amewaweza.

Kila asubuhi kabla watu hawajateremka, aliwasogeza mbuzi, akafunua bati, akachota, akafunika. Majerikeni aliyapandisha kwa punda akiyafunika majani ya ng'ombe, na alipopita karibu na nyumba ya Katunge alichepuka kidogo kuelekea barabarani, ili aonekane ametoka kioskini.

Katunge alikuwa mama wa Kitheka, mjane kama yeye, jirani wa tangu zamani. Waliwahi kusuka vyondo, vikapu vya katani, pamoja kwenye uwanja mmoja. Siku hizi walisalimiana tu. Nzisa alikuwa amemwona mara kadhaa akiteremka mtoni na kikapu, na kupanda akiwa na vijiti vya kuni visivyotosha hata kuchemshia yai. Mtu anakwenda mtoni kufanya nini na kikapu kitupu? Nzisa alikuwa na jibu. Katunge anapelelezea watu wa mchanga.

Siku moja Halima alimtembelea Nzisa nyumbani, na adabu ni adabu, akapewa chai. Alikunywa, akatulia, akanywa tena.

"Chai yako ni tamu, mama," alisema. "Haina chumvi hata kidogo."

Nzisa aligeukia moto. "Niliweka sukari mingi," alisema.

"Haya," Halima alisema, akamaliza kikombe, akaacha pakiti ya biskuti ya mtoto na vidonge vya dawa ya kusafisha maji, akaaga. Nzisa alibaki amekaa kwenye kigoda akiona aibu na hasira kwa pamoja. Afadhali angebishiwa.

Biskuti Ndila alizila. Dawa ya maji Nzisa aliitia kwenye maji ya kuku kwanza, akawangojea wafe. Kuku hawakufa, lakini pia hakuona sababu ya kuwaamini kuku.

Haikupita wiki mbili, tumbo la Ndila likaharibika. Alianza asubuhi akasema, "Susu, tumbo inakata," na kufikia jioni alikuwa hajui tena kuomba ruhusa ya kutoka nje. Nzisa alimpa uji, ukarudi. Akamchemshia mizizi, ikarudi. Mtoto alikuwa amelala kwenye leso, macho yameingia ndani, akilia bila machozi. Nzisa hakuwahi kuogopa hivyo, hata siku ya kumzika mumewe. Alimbeba mgongoni hadi zahanati, akiwa njia nzima anahesabu wabaya wake.

Wa kwanza alikuwa Halima na biskuti zake. Wa pili ni ile dawa, labda kuku walimpitishia mtoto. Wa tatu alikuwa Katunge, ambaye Jumapili iliyotangulia alimshika Ndila shavu akasema, "Huyu amenenepa kweli." Mtu wa kanisa haamini mambo ya jicho baya. Nzisa alikuwa mtu wa kanisa, kwa hiyo hakuamini. Alishuku tu.

"Anakunywa maji ya wapi?" muuguzi alimuuliza.

"Ya kiosk," Nzisa alisema, mtoto akiwa amelegea mikononi mwake.

Ndila alipewa maji ya chumvi na sukari, akapewa dawa, akapata nafuu, akarudi nyumbani. Baada ya siku chache akaanza upya. Safari hii muuguzi hakuuliza mambo ya kioski. Alimwambia Nzisa kwamba mtoto amebakiwa na nguvu kidogo sana, na kwamba kama kile kinachomrudia hakitajulikana, siku moja atafika akiwa amechelewa.

Nzisa alirudi nyumbani na maneno hayo yamemkaa kifuani. Ndila asingepona kama yeye, susu yake, asingempata mwenye kufanya uovu ule. Aliapa kumpata.

Bahati ikamletea alichotaka. Halima aliita mkutano mwingine kanisani, akaleta chupa ndogo zenye unga wa kahawia chini. Aliwaeleza taratibu. Kila mama atie maji anayokunywa nyumbani kwake, aiweke chupa mahali penye joto, aiache siku mbili. Maji yenye kinyesi, cha mtu au cha mnyama, yatageuka meusi. Maji safi hayatageuka.

"Na kama unga wenyewe ndio unageuka?" Nzisa aliuliza.

"Hilo ni swali nzuri," Halima alisema. "Wewe ungefanyaje ndio ujue?"

Nzisa hakutegemea kurudishiwa swali. Alifikiri, watu wote wakimtazama. "Nipe chupa ingine mbili," alisema. "Na usiniulize ni za nini."

Akapewa. Katunge hakuwapo siku ile. Walisema mjukuu wake, yule anayeanza kusimama, anaendesha sana na wako naye hospitali. Nzisa alisikia, akawaza kwamba hata kuugua mtu anaweza kuiga mwenzake ili asishukiwe. Baadaye wazo hilo lingemrudia na kumkosesha raha.

Nyumbani alifanya kazi yake kwa utaratibu wa msusi wa vyondo. Chupa ya kwanza alitia maji ya dukani, yale ya chupa iliyofungwa, aliyoletewa na Mutisya kutoka Salama. Ya pili maji ya kioski. Ya tatu maji yake. Alifunga kila moja uzi wa katani wa rangi yake kama anavyofanya kwenye kyondo, na hakumwambia mtu rangi ipi ni ya maji yapi. Kama ni ujanja wa unga, zote zitakuwa nyeusi. Kama ni ujanja wa Halima, itabidi Halima akisie. Aliziweka karibu na jiko akangoja huku moyoni akiwa ameshamhukumu mtu.

Ya dukani haikugeuka. Ya kioski haikugeuka. Ya tatu ilikuwa nyeusi tititi, na alipofungua kifuniko ilinuka yai viza.

Basi mtu ameingia ndani ya nyumba, ndivyo Nzisa alivyosema. Aliwaza ni nani ajuaye mlango wake wa nyuma, akampata Katunge, ambaye zamani alikuwa anaingia na kutoka kama kwake. Akaenda kwa Halima akaomba chupa nyingine tatu. Halima akampa bila kuuliza. Zamu hii Nzisa alizijaza maji yaleyale, yake akayachota moja kwa moja kisimani, akazifunga kiunoni ndani ya leso, akafanya nazo kazi zote, akalima nazo, akaenda nazo kanisani, akalala nazo. Joto lake mwenyewe ndilo lililozilinda. Hakuna mkono wa mtu ungefika pale.

Alizifungua mwenyewe, nje, juani. Ile ya uzi mwekundu, ya maji yake, ilikuwa nyeusi tena.

Alikaa chini. Alijaribu kumtafuta mtu mwingine wa kumshuku, na kwa mara ya kwanza maishani hakumpata. Akainuka akateremka mtoni mchana kweupe, asijali nani anamwona. Akafungua kijilango cha miiba. Mbuzi walimtazama. Mchanga wote wa mle ndani ulikuwa umegeuka rangi, umelowa mikojo, umejaa vinyesi vilivyokanyagwa hadi vikawa unga. Alifunua bati. Pembeni mwa shimo, mahali ambapo maji huchujika kuingia, palikuwa na mstari mweusi unaoteremka. Kila asubuhi alikuwa amefika hapa gizagiza, akiwa na haraka ya kutoonekana, na hakuwahi kuuona.

Ni yeye. Aliyemlisha Ndila uchafu kwa kibuyu ni yeye, akijisifu kwamba anamlinda. Nzisa alilia pale pale, akawafungua mbuzi mmoja mmoja, akawapandisha nyumbani huku bado analia.

Sasa angefanya nini? Kisima kilitaka kutolewa mchanga wote mbaya, kichimbwe upya kando, kijengewe, na mifugo iwekewe hori mbali, upande wa chini. Kwa mgongo wake, kazi hiyo asingeiweza. Ilikuwa kazi ya mwethya, kile kikundi cha akina mama kinachofanyiana kazi kwa zamu, na mwethya walikuwa wameshakubaliana na Halima kwamba watasafisha kila kisima kilicho kwenye ramani. Chake hakikuwapo kwenye ramani. Alikuwa na njia mbili. Akiweka jiwe lake, watu wa mchanga huenda wakajua. Akikaa kimya, Ndila atakunywa nini?

Alimfuata Halima pale alipopanga chumba, sokoni Tawa, wakakaa nyuma ya nyumba.

"Hiyo ramani," Nzisa alisema, "inaenda wapi?"

"Kuna moja ya karatasi nitachora nipeleke ofisini," Halima alisema.

"Na huko ofisini nani anaiangalia?"

Halima hakumficha. "Wakubwa wangu. Baada yao, mama, mimi siwezi kukuapia. Sijui yote."

Yule wa futi alikuwa na jibu la kila kitu. Huyu alikuwa ameketi mbele yake akikiri kwamba hajui, na kwa sababu hiyo tu, Nzisa aliona huenda akaweza kufanya kazi naye.

"Basi ya mto isiingie kwa karatasi," alisema. "Ichorwe chini, tuione, tuifute."

"Ni yenu," Halima alisema. "Waulize wenzako."

Wenzake walikubali upesi kuliko alivyotarajia. Walipokutana tena nje ya kanisa, Nzisa alipita na kyondo kikubwa akakusanya simu zote, ya Halima ikiwamo, na ya Pasta Musembi ikiwamo, ambaye alijaribu kusema yake ina Biblia ndani. "Biblia itangoja," Nzisa alimwambia, akakipeleka kyondo ndani ya kanisa akafunga mlango kwa komeo.

Jivu la mto likachorwa upya. Nzisa akachukua jiwe kwenye karai.

"Mimi sinywi ya kiosk," alisema. "Sijawahi. Kisima yangu iko hapa kwa kona. Nimeficha na mbuzi. Hiyo ndiyo imegonjesha Ndila." Akaweka jiwe.

Alingoja wamcheke au wamgombeze. Badala yake mama mmoja alijikuna shingo, akainuka, akachukua jiwe akaliweka karibu na daraja. "Mimi hufunika na mikonge," alisema. Mwingine akaweka lake chini ya shamba la pasta. Wa tatu akaweka mawili. Mama mmoja akakiri kwamba huteka maji ya kunywa kwenye kisima alichokwisha kutangaza kwa jirani zake kuwa kina nyoka. Vicheko vikaanza, vile vya watu walioshikwa wote pamoja, na karai la mawe likaisha, wakaanza kuokota mengine kando ya ukuta. Kioski cha maji kikabaki kule barabarani na jiwe lake moja. Halima alikuwa amekaa chini mavumbini, naye anacheka, akifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Katunge aliinuka wa mwisho. Alikuwa amekonda. Alipita katikati ya wenzake akaliweka jiwe lake mtoni, kiganja kimoja tu chini ya lile la Nzisa.

"Hapa," alisema. "Naendanga na kikapu ndio mfikiri natafuta kuni."

Watu walicheka zaidi. Nzisa hakucheka. Aliyatazama mawe mawili, halafu jabali juu yake, halafu upande ambao mto unateremkia. Hakuna mtu wa Kwa Mbithi asiyejua kwamba maji ya chini ya mchanga nayo hutembea, na hutembea kuelekea chini. Alimwangalia Halima. Halima alikuwa ameacha kucheka. Ameinamisha kichwa, na Nzisa akajua kwamba naye ameona, na kwamba hatasema.

Angeweza kuliacha lipite. Wote walikuwa na furaha, na kesho mwethya wangesafisha visima vyote, na hakuna ambaye angeuliza.

"Mama Kitheka," alisema. "Mbuzi zangu zilikuwa zinafungwa hapa juu yako. Siku zote hizo. Uchafu yao ndio imekuwa ikishuka kwa kisima yako."

Kicheko kilikatika upande huu wa duara, kisha upande ule. Katunge alikuwa bado ameinama, mkono wake juu ya jiwe.

"Mtoto alipozidiwa," alisema bila kuinua sauti, "nilienda kwa pasta. Nikamwambia ni wewe. Nikasema Mama Mutisya ameniharibia mtoto, sijui amefanya nini lakini ni yeye. Pasta akaniambia hiyo ni dhambi, kushuku jirani bila sababu. Akaniambia nitubu." Alionyesha mlango wa kanisa. "Nikapiga magoti hapo ndani nikatubu. Nililia, Nzisa. Niliomba Mungu anisamehe juu yako."

Pasta Musembi alitazama chini.

"Kumbe ni wewe," Katunge alisema.

"Ni mimi," Nzisa alisema. Alitaka kuongeza kwamba hakujua, lakini aliona halitasaidia mtu. "Mtoto anaendeleaje?"

"Jana amekunywa uji. Kidogo." Katunge alinyooka. "Alikuwa ameanza kusimama. Sasa amerudi kutambaa."

Akaliokota jiwe lake kutoka kwenye jivu, akalipangusa, akautazama mto wote kutoka daraja hadi kwenye jabali, mawe ya watu yakiwa yamejaa kila mahali. Alisimama nalo mkononi, asijue aliweke wapi.